Dira ya gari: Haraka yaweza kuiua

Na MWANDISHI WETU

JE, msomaji, umewahi kuketi ndani ya gari lililoegeshwa Ndia Kuu, hatua chache tu kutoka Fort Jesus, huku skrini iliyo mbele yako ikikuonyesha barabara za Tokyo?

Usicheke. Hiyo ndiyo hali inayozikabili familia nyingi za Mombasa na kwingineko nchini, ambazo zilijinyima na kuweka akiba hadi zikapata gari. Gari ni zuri na injini haina kasoro, lakini ule mtambo wa kuonyesha njia, ambao wengi wetu huuita GPS, hauijui Kenya. Unasema Kijapani, na ramani yake inaanzia na kukomea huko huko Japani.

Hapo ndipo hutokea mtu, aghalabu kijana mwenye kompyuta begani na kadi mfukoni, akaahidi kuusasisha mtambo huo, yaani kuondoa programu au ramani kuukuu na kutia mpya, kwa muda wa nusu saa tu. Wapo wanaoijua kazi hiyo barabara. Wapo pia wanaobahatisha. Makala haya yanakusudia kukuwezesha wewe mwenye gari kumtambua huyu na yule, na kujua la kufanya kabla programu ya gari lako haijaguswa.

KISA CHA NYUMBANI

Sisemi haya kwa kusikia. Kakangu mkubwa anayeishi Kibokoni alinunua gari la mtumba kwa sababu moja. Mama yetu alihitaji kupelekwa kliniki mara mbili kwa wiki, na miguu yake haikuwa tena ya kupanda na kushuka tuktuk.

Ukivijua vichochoro vya Mji wa Kale, unajua kwamba gari likishaingia mle, mara nyingi halina pa kugeukia. Hutoka kinyumenyume. Kamera ya nyuma, ambayo picha yake huonekana kwenye skrini ile ile ya ramani, ikawa ndiyo jicho la kakangu.

Siku moja akamkubalia fundi mmoja amtilie ramani ya Kenya. Kazi ilifanywa pale pale mlangoni. Injini ilikuwa imezimwa, milango ya gari iko wazi, taa za ndani zinawaka, na betri yenyewe ilikuwa imeanza kuchoka. Ule mstari unaoonyesha kazi imefika wapi ulikuwa umepita nusu wakati skrini ilipozimika. Haikuwaka tena.

Ramani ilipotea, redio ikanyamaza, na kamera ya nyuma ikapofuka. Asubuhi iliyofuata, akitoka kinyumenyume kumpeleka mama kliniki, alisikia ukelele kutoka barazani akakanyaga breki. Mtoto wa jirani, wa miaka mitatu hivi, alikuwa amechutama nyuma ya gurudumu akichezea kifuniko cha soda.

Alhamdulillahi, hakuumia. Lakini tangu siku hiyo sijaiona tena programu ya gari kuwa jambo la anasa.

SEHEMU TATU

Ili ujue pa kushika, lazima kwanza uujue mtambo wenyewe. Kwa mwenye gari, sehemu zilizo muhimu ni tatu.

Ya kwanza ni kipokezi cha mawimbi. Setilaiti za GPS, ambazo ni mali ya serikali ya Marekani, huizunguka dunia zikiwa umbali wa kilomita zipatazo 20,200 kutoka ardhini. Kipokezi hupima muda ambao mawimbi ya setilaiti zisizopungua nne yamechukua kufika, na kwa hesabu hiyo hujua mahali gari lilipo. Mawimbi haya hayalipiwi wala hayabagui nchi. Yanayofika Osaka ndiyo yanayofika Makadara.

Ya pili ni ramani. Hii ni orodha ya barabara, makutano na majina, ambayo huhifadhiwa kwenye DVD, kadi ya SD au diski iliyo ndani ya mtambo. Ramani huchakaa. Sehemu ya kwanza ya barabara ya Dongo Kundu ilifunguliwa mwaka 2018, na daraja jipya la Makupa likafuata mwaka 2022. Ramani iliyotengenezwa kabla ya hapo haina habari nazo.

Ya tatu ni programu. Huu ndio ubongo unaosoma mawimbi, unaochora ramani kwenye skrini, na mara nyingi unaosimamia redio, simu na kamera ya nyuma pia.

Basi mtu akikwambia kwamba atakusasishia GPS, muulize papo hapo: ni ramani au ni programu? Kubadili ramani ni kama kumpa msomaji kitabu kingine. Kubadili programu ni kumpasua msomaji mwenyewe kichwa. Zote ni kazi halali, lakini hatari zake hazilingani.

RUBANI WA MAJI YALE

Swali la pili ni hili: je, ramani ya Kenya iliyotengenezewa mtambo wako ipo?

Wajapani walitutangulia sana katika fani hii. Mwaka 1981 kampuni ya Honda iliuza mtambo wa kuonyesha njia usiotumia setilaiti hata moja. Ulitegemea kifaa cha kupima mizunguko ya gari, na ramani zake zilikuwa karatasi angavu zilizopachikwa mbele ya skrini. Mwaka 1990 Mazda ikatoa gari la Eunos Cosmo likiwa na GPS ndani yake. Tangu hapo watengenezaji wa Japani waliunda mitambo mingi kwa ajili ya wateja wa nyumbani kwao, kwa lugha yao na ramani zao. Hawakuwa wakimfikiria mtu wa Kibokoni.

Magari hayo ndiyo yanayoshushwa kila mara bandarini Kilindini. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari la mtumba lililozidi miaka 8 tangu mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa hivyo hata gari lililofika jana laweza kuwa na mtambo wenye umri wa mtoto wa shule ya msingi, na lile ambalo familia imelitumia miaka kumi lina mtambo uliozeeka zaidi.

Kwa mitambo mingi ya aina hii, mtengenezaji hakuwahi kutoa ramani ya Kenya. Ukiusasisha kwa njia halali, utapata ramani mpya ya Japani! Yule anayekuahidi ramani ya hapa mara nyingi ana nia ya kuing'oa programu yenyewe na kupandikiza nyingine isiyokuwa ya mtambo huo. Yaweza kufanya kazi, na yaweza kuua kila kitu.

Sisi watu wa pwani tunalijua jambo hili tangu kale. Vasco da Gama alipofika Mombasa Aprili 1498 alikuwa na meli, mizinga na mabaharia, lakini njia ya kwenda India hakuijua. Ilibidi asonge mbele hadi Malindi, akapewa rubani anayeijua bahari hii, ndipo akavuka na kufika Calicut mwezi Mei mwaka huo. Chombo kizuri bila rubani wa maji yale hakifiki.

Kwa mwenye mtambo wa Kijapani, rubani huyo huenda yumo tayari mfukoni mwake. Ni simu. Ramani za simu hujisasisha zenyewe, na waweza kuipakua ramani ya Pwani nzima ukiwa nyumbani ili itumike hata pasipo na mtandao. Ipachike simu kwenye kishikio imara, weka safari yako kabla ya kuondoka, na usiishike mkononi ukiendesha, kwani sheria inakataza. Mtambo wa gari uache uendelee na redio na kamera.

Magari yaliyouzwa yakiwa mapya hapa nchini, au yaliyotengenezewa soko la Afrika, ndiyo yenye uwezekano zaidi wa kuwa na ramani yetu. Uliza kwa wakala wa kampuni iliyotengeneza gari, ukiwa na nambari ya mtambo mkononi.

SI KILA KASORO NI UGONJWA

Wako wanaokimbilia kusasisha kwa sababu ya kasoro ambazo dawa yake si programu.

Mfano ni redio. Masafa ya FM ya Japani yalianzia 76 na kukomea 90, hali vituo vyetu viko kati ya 88 na 108. Ndiyo maana redio ya gari la mtumba hunasa vituo vichache tu. Mafundi wa redio hufunga kifaa kidogo kwenye waya wa erio kinachoyashusha masafa ili redio iyapate. Hakuna ramani mpya itakayolitatua hilo.

Mfano mwingine ni tarehe. Setilaiti za GPS huhesabu wiki kuanzia sifuri hadi 1,023, kisha hesabu hurudi sifuri. Ilirudi Agosti 1999, na ikarudi tena Aprili 2019. Mtambo mkongwe usiojua kwamba hesabu imeanza upya huweza kuonyesha tarehe ya karibu miaka 20 nyuma, ingawa mara nyingi njia unaendelea kuionyesha sawasawa.

Januari 2022, wenye magari kadhaa ya zamani ya Honda na Acura huko Marekani na kwingineko walishangaa kuona saa za mitambo yao zimerudi mwaka 2002, na kila walipozirekebisha zilikataa. Ilipofika Agosti mwaka huo zikaanza kujirekebisha zenyewe. Aliyeng'oa mtambo wake mwezi Februari alipoteza fedha bure. Tarehe mbovu peke yake isikufanye uutie mtambo kisu.

KAZI YA KALAFATI

Tuseme sasa umeuliza, umehakikisha, na programu halali ya mtambo wako ipo. Kwa nini basi iwe hatari?

Nenda Bandari ya Kale au ufuo wowote wa pwani yetu, umtazame fundi anayekalafati jahazi. Hungoja maji yakupwe, akaitoa pamba kuukuu kati ya mbao, kisha akapachika mpya iliyotiwa mafuta. Jahazi liko salama kabla hajaanza, na liko salama akimaliza. Hatari iko katikati, pamba ya kale ikiwa imetoka na mpya haijaingia. Maji yakimjazia saa hiyo, jahazi linazama likiwa ufuoni.

Kusasisha programu ni vivyo hivyo. Mtambo hufuta maandishi ya kale kwenye kumbukumbu yake na kuandika mapya. Umeme ukikatika katikati, ubongo hubaki nusu, na mtambo wenye ubongo nusu huenda usiweze hata kujiwasha ili ujaribu tena. Ndilo lililompata kakangu. Maji yalimjazia kabla ya kalafati kwisha.

HATUA ZA KUFUATA

Kwanza, piga picha. Kwa simu yako, piga picha ukurasa wa mtambo unaoonyesha jina lake, nambari yake, toleo la programu na toleo la ramani. Kama maandishi ni Kijapani, zipo programu za simu zinazotafsiri maandishi kwa kamera. Faili utakayoitia sharti ilingane na nambari hiyo, herufi kwa herufi. Mitambo miwili yenye sura moja yaweza kuwa na programu tofauti kabisa.

Pili, tazama asili ya faili. Ipate kwa mtengenezaji au wakala wake. Ya kunakiliwa kutoka kwa rafiki wa rafiki huenda imekatika, ni ya nchi nyingine, au ina mdudu.

Tatu, usiichezee kadi ya asili. Kadi nyingine za SD zimefungamanishwa na mtambo wake, na nakala yake haikubaliwi hata iwe na kila faili. Usiichomoe mtambo ukiwa umewaka. Ukiitia kwenye simu, na simu ikauliza kama iiandae upya, kataa! Ukikubali umeifuta. Ihifadhi kama unavyohifadhi kitabu cha kumbukumbu cha gari.

Nne, andaa kadi au flashi safi. Mitambo mingi ya zamani husoma muundo unaoitwa FAT32 pekee, na muundo huo haupokei faili moja inayofikia gigabaiti 4. Fuata maagizo ya mtengenezaji neno kwa neno, hata kama fundi anajua njia ya mkato.

Tano, na hili ndilo kubwa, linda umeme. Betri yenye afya iliyojaa huonyesha volti 12.6 hivi injini ikiwa imezimwa, na injini ikinguruma umeme hupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5. Mwambie fundi aipime kabla ya kuanza. Kama imechoka, nunua betri kwanza. Zima taa, kiyoyozi na feni, na ufunge milango. Maagizo ya mtambo yatakwambia kama injini iwashwe au swichi iwekwe hatua ya kwanza tu. Chaja inayoitunza betri wakati wa kazi pia husaidia.

Sita, chagua mahali. Injini ikihitajika kunguruma saa nzima, usifanye kazi hiyo gerejini palipofungwa wala kichochoroni chini ya madirisha ya watu. Moshi wa gari una kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu, na huua. Toka hadi uwanja wa wazi, vuta breki ya mkono, na usithubutu kuifanya kazi hiyo ukiendesha.

Saba, ngoja. Skrini yaweza kuwa nyeusi kwa dakika kadhaa, ikawaka, ikazimika tena. Hiyo ni sehemu ya kazi. Usiguse kitufe, usichomoe kadi, usizime swichi mpaka mtambo wenyewe useme umemaliza.

Nane, kagua kabla hujalipa. Tazama kama nambari ya toleo imebadilika. Sikiliza redio, piga simu kupitia gari, na uweke gia ya nyuma uone kamera. Ikiwa chochote kilichofanya kazi asubuhi hakifanyi sasa, kazi haijaisha.

KUFULI YA WIZI

Kuna mtego mmoja unaowanasa hata wasiosasisha chochote. Baadhi ya mitambo ya Kijapani imewekewa kufuli dhidi ya wezi. Waya wa betri ukifunguliwa, hata kwa dakika moja ya kubadilisha betri, mtambo hujifunga na kudai nambari ya siri ambayo mwenye gari wa kwanza alibaki nayo Japani.

Kwa hivyo mwambie makanika wako, kabla hajafungua waya wa betri, aunganishe umeme wa akiba kutoka betri nyingine. Asikwambie kwamba kuufungua ndiyo njia ya kuamsha skrini iliyoganda. Ikiwa kufuli imeshajifunga, usibahatishe nambari. Piga picha ya skrini pamoja na nambari ndefu inayoonyeshwa, uipeleke kwa mtaalamu wa mitambo hiyo ukiwa na karatasi zinazothibitisha kwamba gari ni lako.

Na ukinunua au kuuza gari, futa anwani za nyumbani na majina ya simu yaliyobaki ndani yake. Si adabu kuzurura na anwani ya familia ya watu, wala si busara kumuuzia mgeni njia ya kufika mlangoni pako.

KUULIZA SI UJINGA

Kijana mwenye kompyuta akija, muulize maswali manne tu. Ni ramani au ni programu? Faili imetoka wapi, na inalingana na nambari ya mtambo wangu? Umeme utaulindaje? Na skrini ikifa, nani atalipa? Fundi wa kweli hatakasirika. Huenda hata akakwambia mtambo wako haufai kuguswa, na huyo ndiye wa kumrudia siku nyingine.

Kakangu hakupata wa kumlipa. Alinunua mtambo mwingine wa kawaida, akafunga kamera upya, na ramani sasa ni ya simu. Mama bado anapelekwa kliniki mara mbili kwa wiki. Lakini siku hizi, kamera ikiwepo au isiwepo, gari haliondoki kichochoroni kabla mmoja wa watoto wa nyumba hajatoka, akasimama nyuma na kupiga makofi mawili kuashiria kwamba njia iko wazi.